Hakudhurika si Hadhuriki: Tufafanue Kinga Kabla ya Kubishana

Katika idara yetu ya lugha za Kiafrika kuna ubishi usioisha, nao hauhusu irabu wala toni. Unahusu nani angemshinda nani. Mwindo wa Wanyanga akikutana na Fumo Liyongo wa pwani, nani atabaki amesimama? Luanda Magere wa Wajaluo, mwenye mwili wa jiwe, angeihimili radi ya Nkuba? Mtaani, wadogo zetu wanabishana vivyo hivyo juu ya Goku wa Dragon Ball na Superman, huku wakisubiri simu zao zijae chaji.

Mimi ni mmoja wa wanaoupenda ubishi huu. Unawafanya wanafunzi warudi kwenye matini ambayo wangeyafunga siku ya mtihani na kuyasahau. Lakini kila mara unaishia palepale. Mmoja anasema, "Nguvu ya wangu inapita kinga zote." Mwenzake anajibu, "Kinga ya wangu haipitiki na kitu chochote." Baada ya hapo hakuna hoja tena, kuna sauti tu, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na ushindi.

Ninadai kwamba kosa haliko kwa mashujaa. Liko katika maneno mawili tunayoyatumia bila kuyafafanua: *kinga* na *kushinda*. Sisi ni watu wa kitivo cha lugha. Kazi ya kufafanua maneno ni yetu, hatuwezi kuwaachia watu wa fizikia. Tena katika sehemu yetu hii ya dunia ufafanuzi huo si mchezo, kama nitakavyoeleza mbele.

Neno moja, mambo manne

Tuanze na mtu wa nyumbani. Utendi wa Mwindo ni wa Wanyanga wa Walikale, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Toleo linalojulikana zaidi lilitambwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956, likachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Tukisoma toleo hilo kwa makini, tunaona kwamba tunachokiita "kinga ya Mwindo" si kitu kimoja.

Siku aliyozaliwa, baba yake Shemwindo alirusha mikuki ndani ya nyumba ya uzazi, maana alikuwa amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mtoto akapunga usinga wake na kuiamuru mikuki iishie chini ya nguzo ya nyumba. Ikaishia huko. Hapa mwili wa Mwindo haukujaribiwa kabisa. Mkuki usiofika hauthibitishi ugumu wa ngozi. Kinga ya namna hii ni ya *kuepusha*.

Baadaye, alipokuwa njiani kwenda kupigana na baba yake huko Tubondo, wajomba zake wahunzi walimvika chuma mwili mzima. Wakamweleza na sababu: mikuki atakayorushiwa ikagonge chuma hicho. Hii ni kinga ya *kuvaa*. Ina mipaka ya vazi: inafunika kinachofunikwa, na imetengenezwa kwa ajili ya silaha iliyotajwa.

Akashuka kuzimu kumfuata baba yake aliyekimbia. Huko Muisa, bwana wa kuzimu, alimpiga kwa mkanda wake, na Mwindo akaanguka. Usinga ndio uliomwinua tena. Wenzangu wengi wanalitaja tukio hili kama ushahidi kwamba mkanda wa Muisa haumwezi Mwindo. Kinyume chake ndicho kilichoandikwa: ulimweza, ukamwangusha. Alichonacho Mwindo hapa ni uwezo wa *kurudi*. Mtu anayepona malaria haraka hatusemi kwamba mbu hawamuumi.

Aina ya nne hatuioni kwa Mwindo, tunaiona kwa Luanda Magere na kwa Liyongo: *mwili wenyewe* haukubali silaha. Mikuki ya Wanandi ilimpata Magere barabara, ikagonga jiwe. Hapa ndipo tunapoweza kusema kwamba kinga imejaribiwa.

Kuepusha, kuvaa, kurudi, na mwili wenyewe: mambo manne, neno moja. Anayesema "Mwindo na Magere wote wana kinga dhidi ya mikuki" amesema kitu cha kweli ambacho hakimsaidii yeyote. Mshambulizi anayeweza kumshtukiza mtu usingizini atamweza yule anayeepusha kwa amri ya mdomo, lakini hatamweza mwenye mwili wa jiwe. Mwenye uwezo wa kumwangusha mtu mara mia atamchosha anayerudi, lakini kwa aliyevaa chuma atapoteza muda wake.

Sarufi inatupa kipimo

Wengine watauliza: tutajuaje ukubwa wa kinga, kwa kuwa mtambaji hakutuachia mizani? Mizani tunayo, iko katika kitenzi.

Tuchukue mzizi mmoja, *-dhuru*, katika kauli ya kutendeka. Kiswahili kinatupa angalau kauli tatu za kukanusha: *hakudhurika*, *hajadhurika*, *hadhuriki*. Ya kwanza inahusu tukio moja lililopita: siku ile, kwa silaha ile, hakupata dhara. Ya pili inaeleza hali hadi sasa na kuacha mlango wazi. *-Ja-* ya kukanusha daima inabeba "bado". Ya tatu ndiyo nzito. *Hadhuriki* inaweza kuwa na maana ya mazoea, kwamba kwa kawaida hapati dhara, na inaweza kuwa na maana ya uwezekano, kwamba haiwezekani adhurike. Maana hizo mbili zinakaa ndani ya umbo moja, na ubishi wetu mwingi unatokana na kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kuaga.

Sasa tazama ushahidi tunaopewa na hadithi. Karibu wote ni wa namna ya kwanza. Mtambaji anasimulia: akarusha, haukumdhuru, akarusha tena, haukumdhuru. Msikilizaji anajumlisha: hajadhurika. Mshabiki anahitimisha: hadhuriki. Hatua ya kwanza ni halali, ya pili ni dai jipya. Mikuki saba iliyoshindwa inatuambia habari za mikuki saba. Haituambii habari za radi, sumu, baridi, wala mkuki wa nane wenye ncha ya madini mengine.

Mwindo mwenyewe ni shahidi wa jambo hili. Baada ya ushindi wake wote, alimuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akampandisha mbinguni ili aadhibiwe, na huko Mvua, Mwezi na Jua wakamtesa kwa zamu. Shujaa ambaye mikuki haikumpata aliumizwa na hali ya hewa. Aliyekuwa ameandika "hadhuriki" katika daftari lake ilimbidi afute.

Kiswahili chetu cha Goma kinaonyesha tofauti hii waziwazi zaidi kuliko kile cha vitabu. Huku tunasema: *masasi haimuingiake*. Mofimu *-ak-*, ambayo Kilingala pia kinaitumia, ni ya mazoea: jambo huwa hivi, huwa halitokei. Kwa hiyo sentensi hiyo haisemi kwamba lisasi *haiwezi* kumwingia mtu. Inasema tu kwamba, kwa yanayosimuliwa, huwa haimwingii. Msemaji wa kwetu anayetaka kudai uwezekano analo umbo lingine, *haiwezi kumuingia*. Lakini ninavyosikiliza watu, sentensi ya kwanza ndiyo inayosemwa, na ya pili ndiyo inayosikika.

Kushinda kinga: vitenzi vinne

Upande wa pili una tatizo lilelile. Tunasema nguvu fulani "inashinda" kinga fulani, kana kwamba kuna njia moja tu ya kushinda. Matini yenyewe yanatupa angalau njia nne, na kila moja inastahili kitenzi chake.

*Kuzidi.* Kinga ina kiasi, na nguvu inakivuka. Wajomba wa Mwindo walipigana huko Tubondo wakashindwa. Mwindo akamwomba Nkuba, na radi ikakiteketeza kijiji. Hapakuwa na hila wala siri. Nguvu ilikuwa kubwa kuliko kilichoweza kuhimiliwa, basi.

*Kupenya.* Kinga ina tundu, na silaha inapita hapo. Fumo Liyongo ndiye mfano wa Waswahili wote. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mtawala wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya ndoa, mtoto anamuuliza baba yake kinachoweza kumuua, na baba anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Lakini tundu hili lenyewe halijafafanuliwa vya kutosha, na hapa wabishani wetu wanapitwa na swali zuri. Je, kinachoua ni kitovu, ni shaba, au ni vyote viwili kwa pamoja? Kisu cha chuma kitovuni kingefaa? Mkuki wa shaba kifuani je? Utendi unatupa muungano tu: shaba *na* kitovu. Anayedai kwamba silaha yoyote ya shaba inamweza Liyongo ameongeza sentensi ambayo haimo.

*Kuzunguka.* Kinga haiguswi kabisa. Mshambulizi anapiga kitu kingine ambacho uhai umefungwa nacho. Wanandi walipochoka kuvunja mikuki juu ya mwili wa Luanda Magere, walimwoza msichana wao. Siku Magere alipougua, alimwagiza mke huyo achanje dawa kwenye kivuli chake, na damu ikatoka kivulini. Mke akapeleka habari kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukalenga kivuli. Jiwe halikushindwa kamwe. Hata leo watu wa Kano, magharibi mwa Kenya, wanaonyesha jiwe wanalosema ndiye yeye. Kwa hiyo ukisema "mikuki ya Wanandi ilikuwa na nguvu ya kupasua jiwe", umekosea hadithi nzima.

*Kuvua.* Kinga inategemea sharti, na sharti likivunjwa kinga inaondoka yenyewe. Wasomaji wa Biblia wanamjua Samsoni na nywele zake. Hapa hata mtu dhaifu anashinda, maana hapigani na kinga. Anapigana na mtu ambaye hana kinga tena.

Tukivipanga vitenzi hivi tunaona jambo linalopaswa kuwanyamazisha wapenzi wa "nguvu inayopita kila kinga". Katika hadithi za Liyongo na Magere, hakuna aliyeongeza nguvu. Mikono ni ileile na mikuki ni ileile. Kilichoongezeka ni maarifa, na maarifa hayo yalitoka ndani ya nyumba: kwa mtoto, kwa mke. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwindo, kwa upande wake, anaokoka kuzimu kwa sababu Kahindo, binti wa Muisa mwenyewe, alimwonya asiyapokee anayokaribishwa nayo. Wazee waliotunga hadithi hizi hawakuuliza tu nani ana nguvu nyingi. Waliuliza nani anaijua siri ya nani, na nani ataisema.

Kinga isiyokubali kushindwa

Njia hiyo ya nne, *kuvua*, ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Ninakaa Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, maelfu ya watu walimiminika hapa na magodoro yao kichwani na kwenye chukudu, wakikimbia vita. Hapa sentensi *masasi haimuingiake* haisemwi juu ya Liyongo. Inasemwa juu ya kijana anayejulikana kwa jina, ambaye mwaka juzi alikuwa anauza vocha za simu.

Dai hilo lina historia ndefu. Mwaka 1905 huko Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale aligawa maji ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1964 Wasimba wa mashariki ya Kongo walienda vitani wakiita *Mai Mulele*, jina la Pierre Mulele, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anapigana mbali, Kwilu. Na tangu miaka ya 1990 tunayo makundi ya Mai-Mai, ambayo jina lao ni maji yaleyale kwa matamshi ya kwetu.

Katika Usimba, maji yalikuja na miiko: usimguse mwanamke, usigeuke nyuma, usiguswe na asiyeingizwa. Mpiganaji alipoanguka, maelezo yalikuwa tayari. Maji hayakushindwa, yeye alivunja mwiko. Pengine aligeuka kidogo. Pengine aliguswa sokoni bila kujua.

Tutazame umbo la hoja hiyo kama wanaisimu, bila kumdhihaki mtu. Akirudi mzima, kinga imefanya kazi. Asiporudi, alikuwa ameivua mwenyewe. Hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuandikwa kwa sentensi "kinga ilikuwepo na haikufaa". Sentensi ambayo hakuna tukio linaloweza kuikanusha haina habari ndani yake, hata ikitamkwa kwa ujasiri namna gani. *Hadhuriki* ya namna hiyo si dai juu ya mwili. Ni ahadi ya kumlaumu maiti.

Linganisha na Liyongo. Sharti lake lilitamkwa *kabla*: shaba, kitovuni. Lilikuwa moja, lilieleweka, na lilijaribiwa likathibitika. Liyongo aliweza kufa kwa haki ya hadithi yake. Samsoni vilevile, msomaji anaambiwa habari za nywele kabla ya wembe kufika. Mtambaji mzuri hafichi sharti mpaka shujaa aanguke, maana wasikilizaji wangemzomea. Ni ajabu kwamba barazani tunadai uaminifu huo kutoka kwa mtambaji, na kwenye vita hatumdai mgawa maji.

Najua kwamba wanahistoria wanatukumbusha jambo la kweli: maji ya 1905 yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla hawakuwahi kupigana pamoja. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka uleule wa 1969 kama utendi wa Mwindo, aliligeuza hilo kuwa swali zito: mhusika wake mkuu anakataa hadi mwisho kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu neno likishatoka linaishi. Nakubali. Lakini neno linaloishi ndilo linalohitaji kufafanuliwa zaidi, si kidogo zaidi. Umoja ungeweza kuitwa umoja.

Pingamizi tatu

Watakaonipinga nawajua, wengine wamekaa nami benchi moja.

Wa kwanza watasema: hadithi ni hadithi, usiipime kama saruji. Nawajibu kwamba mtambaji mwenyewe anapima. Wajomba hawakumvika Mwindo chuma kwa urembo. Walisema kwa nini. Utendi wa Liyongo hauwezi kusonga ubeti mmoja bila swali la mtoto: kitu gani kinakuua? Mipaka ya kinga ndiyo injini ya hadithi. Anayesema shujaa wake hana mipaka anadhani anamsifu, kumbe amemnyang'anya hadithi yake.

Wa pili watasema: Mwindo na Liyongo hawatoki katika dunia moja, kwa hiyo kuwalinganisha ni bure. Hoja hii ina uzito, na jibu langu ni kanuni moja: *kimya cha matini si kinga*. Utendi wa Liyongo hausemi lolote juu ya radi inayoitwa kwa ombi. Kimya hicho hakimpi Liyongo uwezo wa kuihimili radi, wala hakimpi Nkuba ushindi wa uhakika. Kinatupa jibu la tatu ambalo wabishani wetu hawalipendi: hapa matini hayasemi. Katika mtihani wa sintaksia tunajifunza kuweka alama ya kuuliza mbele ya tungo tusiyo na uhakika nayo. Kwa nini tuione aibu barazani?

Wa tatu, na hawa ni baadhi ya walimu wetu, watasema kwamba mambo haya ni ya watoto na hayana nafasi katika jarida la kitivo. Kwa heshima yote, nawaomba wasikilize wanafunzi wanapobishana juu ya Magere. Watasikia tofauti ya njeo, ya kauli, ya dhati na sharti, zikijadiliwa kwa moto ambao hatujawahi kuuona katika somo la mofolojia. Mada ya kufundishia imekuja yenyewe hadi mlangoni.

Ninachopendekeza

Napendekeza kwamba kuanzia sasa, anayedai kinga kwa shujaa wake ajibu maswali manne kabla hajaruhusiwa kuendelea. Kinga hiyo ni dhidi ya nini hasa? Ni ya aina gani: ya kuepusha, ya kuvaa, ya mwili, au ya kurudi? Inategemea sharti gani, na sharti hilo lilitajwa kabla au baada ya kuanguka? Ushahidi wake uko katika umbo gani: *hakudhurika*, *hajadhurika*, au *hadhuriki*?

Na anayedai kwamba nguvu ya wake inaishinda kinga hiyo achague kitenzi kimoja: inazidi, inapenya, inazunguka, au inavua. "Inashinda tu" lisikubaliwe kama jibu.

Tuwajaribu Mwindo na Liyongo kwa kanuni hizi. Mishale ya Liyongo itakuta chuma cha wajomba, na chuma hicho kilitengenezwa kwa ajili ya silaha za kurushwa, kwa hiyo tusitarajie mengi. Ikimpata penye wazi na kumwangusha, usinga utamwinua. Mwindo naye, kwa yale tunayosimuliwa, hana habari za shaba na kitovu, na hana wa kumwambia. Liyongo aliisema siri hiyo kwa mwanawe tu. Akiruhusiwa kumwita Nkuba, swali linahamia kwenye radi, ambako utendi wa Liyongo umenyamaza. Asiporuhusiwa, hakuna anayemaliza kazi. Hukumu yangu ni hii: kwa ushahidi uliopo, Liyongo hana njia ya kumshinda Mwindo, na Mwindo ana njia moja ambayo haijathibitishwa. Asiyeridhika alete beti, asilete sauti.

Hukumu hiyo ni ndogo kuliko kelele zetu za kila wiki, nami naipendelea hivyo. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "dhidi ya nini, kwa sharti gani, lililotajwa lini" anapobishana juu ya Magere atakuwa na swali hilo mdomoni siku atakapofuatwa na mtu mwenye chupa ya maji na maneno matamu. Huenda akaambiwa kwamba kuna wenzake wengi ambao masasi hayajawaingia. Basi akumbuke sarufi yake: hayo ni habari za jana, na *-ja-* ina maana ya bado.